Mwanafunzi anasoma gazeti kwa sauti, darasa linabaki kimya: nirekebishe wapi?

Chaki_na_Vumbi

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, shule ya kutwa, mkondo mmoja una wanafunzi 64. Kila Jumatano natenga kipindi kimoja cha dakika 40 kwa ajili ya habari: mmoja anasimama mbele, anasoma habari ya gazeti kwa sauti, kisha wenzake watoe maoni. Usomaji unaenda, ingawa ni wa kukimbiza. Maoni ndiyo hakuna. Nikiuliza "mnasemaje?", mikono ni ya wale wale watatu, na jibu ni "habari ni nzuri, inatufundisha tuwe makini". Gazeti ninalo moja tu, tena mara nyingi la jana. Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Nianzie wapi, na hizo dakika 40 nizigaweje?

Meza_ya_Habari

Mwalimu, kabla ya kuwalaumu wasiosema, jiulize kama wamesikia. Habari ya gazeti imeandikwa kwa ajili ya macho. Msomaji wa gazeti akipotea anarudi juu mstari mmoja; msikilizaji hana pa kurudi. Ndiyo maana chumba cha habari cha redio hakichukui habari ya gazeti na kuisoma ilivyo. Inaandikwa upya.

Chukua sentensi ya kutunga, lakini ya aina mnayokutana nayo kila siku: "IMEELEZWA kuwa uhaba wa madawati unaozikabili shule 14 za msingi wilayani humo, zenye jumla ya wanafunzi 9,382, unatokana na kuchelewa kwa mzabuni aliyepewa kazi hiyo tangu Machi, jambo linalowalazimu baadhi ya wanafunzi kukaa sakafuni." Isome kwa sauti uone pumzi inapokatikia. Sasa ya redio: "Baadhi ya wanafunzi wa shule kumi na nne za msingi wanakaa sakafuni. Ofisa elimu wa wilaya anasema mzabuni wa madawati amechelewa. Mzabuni huyo alipewa kazi tangu Machi. Shule hizo zina wanafunzi zaidi ya elfu tisa na mia tatu." Sentensi nne, kila moja imebeba jambo moja. Na huyo ofisa elimu, tuseme, amepatikana aya ya tatu ya habari hiyo, kwa sababu "imeelezwa" inamficha msemaji. Wafundishe wanafunzi kuuliza hapo hapo: imeelezwa na nani? Swali hilo moja tu linafungua midomo kuliko "mnasemaje?".

Msemaji atangulie maneno yake. Gazeti huweka nukuu kwanza, jina mwisho. Kwa sikio, msikilizaji anakuwa ameshaamini kabla hajajua nani kasema. Alama za kunukuu nazo hazisikiki, kwa hiyo msomaji lazima atamke "amesema", "ameongeza", "amekanusha". Vichwa vya habari pia vibadilishwe. "Waziri aagiza", "Polisi wanasa" ni lugha ya kichwa cha habari. Kwenye maelezo sema "ameagiza", "wamenasa".

Urefu: maneno 150 yanatosha. Kwa mwendo wa maneno 100 hivi kwa dakika, hiyo ni dakika moja na nusu. Akimaliza kwa sekunde 50, amekimbiza. Njia rahisi ya kumpunguza kasi ni alama za penseli: mkwaju (/) mmoja kwenye mkato, miwili kwenye nukta, na kwenye miwili ainue macho awatazame wenzake. Asiwaige watangazaji kwa kuvuta sauti. Darasa litacheka na habari itaishia hapo.

Tarakimu ndizo zinazowaumbua wengi, hata watangazaji. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo watu 22 ni "ishirini na wawili", vijiji 41 ni "arobaini na kimoja", magari 38 ni "thelathini na manane", lakini watu 27 ni "ishirini na saba" basi. Watu milioni 2 ni "milioni mbili", maana kinachohesabiwa pale ni milioni. "Sh2.5 bilioni" isomwe "shilingi bilioni mbili na nusu". Asilimia 3.25 ni "tatu nukta mbili tano", si "nukta ishirini na tano". Dawa yake ni kuandika tarakimu zote kwa maneno kwenye karatasi ya kusomea. Zikibaki kama namba atakwama mbele ya watu.

Mama_Sarufi

Mchangiaji hapo juu kamaliza upande wa msomaji. Mimi niongeze upande wa wanaosikiliza, kwa sababu hata ukisomewa vizuri namna gani, "mnasemaje?" ni swali lisilo na mwenyewe. Watu 64 wakiulizwa pamoja, kila mmoja anamwachia jirani.

Wape kazi kabla ya kusoma. Gawa darasa makundi 8 ya watu 8. Kila kipindi habari ni mbili: kundi moja linasoma, lingine linajibu, halafu makundi mawili mengine kwa habari ya pili. Kwa wiki 8 kila kundi litakuwa limesoma mara mbili na kujibu mara mbili. Ndani ya kundi la kujibu, wawili wanasimulia upya walichosikia bila kuangalia karatasi, wawili wanauliza ambacho habari haikusema, wawili wanakubali au wanapinga kwa sababu, na wawili wa mwisho wanaihusisha na eneo lao: hapa kwetu ikoje? Wanaosimulia waanze. Ukianza na maoni, utasikia maoni juu ya habari ambayo haikusomwa.

Dakika zako: 3 za kujipanga, 16 kwa kila habari, 5 za mwisho. Zile 16 zinaenda hivi: habari isomwe mara mbili, dakika 3 na ushee. Dakika 2 kila mtu azungumze na wa dawati lake, kwa sauti ya chini. Usiziruke hizi, ndipo yule mwenye aibu anapopata sentensi yake ya kwanza. Dakika 8 za majibu, kila mmoja dakika moja isizidi. Zinazobaki ni za kusahihisha.

Makundi manne yasiyo na zamu siku hiyo yakae na robo karatasi, kila mtu aandike swali moja. Kusanya, soma matatu hadharani katika zile dakika 5.

Na weka sharti moja ubaoni: jibu lianze na kitu kilichosikika. "Nimesikia mzabuni amepewa kazi tangu Machi. Sikubaliani na ofisa elimu, kwa sababu mzabuni akichelewa kuna aliyepaswa kumfuatilia." Anayesema "inatufundisha tuwe makini" muulize: sentensi ipi imekufundisha? Utashangaa jinsi msemo huo unavyokufa ndani ya wiki mbili.

Penseli_Nyekundu

Napingana kidogo na kusoma mara mbili na mtu yule yule. Msomaji wa pili awe mwingine, tena asikie kwanza. Makosa ya wa kwanza yanajirekebisha bila mwalimu kufungua kinywa.

Kuhusu kusahihisha: usimkatize mtu akiwa anasoma. Andika pembeni, sema mwisho, na usipite makosa matatu. Anza na yanayogeuza maana. L na R ni za kwanza: "wananchi wamepiga kula", "mahari pa ajali". Kisha th na dh: "thamani" ikitamkwa "samani" msikilizaji anaona viti na makabati, na "dhamana" ikiwa "zamana" mshtakiwa hajulikani katoka vipi. "Garama" badala ya "gharama" haipotezi maana, inaweza kungoja wiki nyingine. Maneno hayo yaandikwe ubaoni mawili mawili, kula na kura, mahali na mahari, darasa zima liyatamke mara tatu, basi.

Uchaguzi wa habari ni kazi yako mwalimu, usiwaachie. Gazeti la jana halina ubaya wowote, hata la juzi. Linalofaa ni habari yenye watu wawili wanaovutana: nauli, maji, bei ya mazao, uwanja wa kijiji. Taarifa ya kiongozi kuzindua jengo haina wa kumpinga. Ajali na vifo viangalie kwa makini, huenda ndugu wa marehemu amekaa dawati la tatu. Za mahakamani, shikilia neno la gazeti: "anatuhumiwa" na "anadaiwa" zisigeuke "ameiba" mdomoni mwa msimuliaji. Hilo likitokea simamisha hapo hapo, ndipo mahali pekee ninaporuhusu kukatiza. Siasa za vyama, hasa karibu na uchaguzi, ziweke kando. Mzazi atasikia nusu ya alichosema mtoto, na si ile nusu nzuri.

Chaki_na_Vumbi

Nashukuruni sana. Limebaki moja: hiyo kazi ya kuandika upya ifanyike lini, na nani? Gazeti moja, makundi mawili kila wiki.

Mama_Sarufi

Ijumaa kata habari zote mbili, zibandike kwenye vipande vya boksi kwa gundi ya unga, nyuma andika jina la gazeti na tarehe. Kila kundi lichukue kipande chake. Jumatatu mchana wakuletee rasimu ya maneno 150, tarakimu zikiwa zimeandikwa kwa maneno. Wewe angalia mambo mawili tu: msemaji ametajwa? Kuna sentensi inayozidi mistari miwili? Irudishe Jumanne asubuhi, wafanye mazoezi ya kusoma wakati wa mapumziko. Vipande vya boksi usivitupe, kidato cha kwanza watavitumia kwa ufahamu.

Meza_ya_Habari

Na rasimu iandikwe kwa herufi kubwa kubwa, ukiruka mstari mmoja, upande mmoja wa karatasi. Sentensi isivuke kwenda ukurasa wa pili. Kugeuza karatasi katikati ya sentensi kunasikika hadi dawati la nyuma.