Kadi ya dhahabu ya ndege: ni tuzo ya msafiri, au tunauziwa kilichokuwa chetu?

Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnichane mkitaka, ila someni kwanza mpaka chini.

Desemba iliyopita nilikuwa narudi Dar kutoka Minneapolis, tiketi ya daraja la kawaida, mabegi mawili ya kilo 23. Moja likasoma kilo 25 na ushee. Dada wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa: punguza au lipa dola 100. Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikafungua begi mbele za watu: viatu vya mpwa wangu, makopo ya vitamini ya mama, losheni tatu. Jaketi la pili nikalivaa juu ya la kwanza. Mnaobeba mizigo ya nyumbani mnaijua ile aibu. Kaunta ya pembeni jamaa kapandisha mabegi matatu kwenye mizani, mazito kuliko yangu, yakafungwa karatasi ya kipaumbele, akaondoka zake. Tiketi yake ilikuwa ya daraja lilelile, tulikuja kukaa safu moja. Alichonizidi ni kadi ya hadhi, ile ambayo kampuni ya ndege humpa abiria wake wa mara kwa mara.

Sikumwonea wivu. Haya, kidogo. Lakini tuulizane: hii hadhi inamlipa nani, na kwa lipi?

Mambo haya yalishika kasi Mei 1981, kampuni ya ndege ya Marekani, American Airlines, walipoanzisha AAdvantage, mpango wa kumhesabia abiria maili anazoruka na kumpa zawadi, na wenzao United wakafuata mwezi huohuo. Mwaka 1978 Marekani ilikuwa imeamua serikali isipange tena nauli wala njia, kwa hiyo kampuni zikawa zinanyang'anyana abiria, na maili ikawa kamba ya kumfunga mteja asihame. Sina ugomvi na hilo. Umeruka umbali huu, unapata hiki. Hata sisi wa mabegi tulikuwa na chetu, kwa sababu kwetu ni mbali: Minneapolis hadi Dar kupitia Amsterdam, kwenda na kurudi, ni kama maili 17,000. Safari mbili tu na wewe unaitwa mtu.

Siku hizi kwa baadhi ya kampuni kubwa umbali hauna kazi. Tangu 2024 Delta, nao wa Marekani, wanapanga ngazi zao za hadhi kwa dola unazowalipa tu: ya chini kabisa 5,000 kwa mwaka, ya juu 28,000, au ujisogeze kwa kufanya manunuzi kwa kadi yao ya benki. Na hapo wamepunguza. Walipotangaza Septemba 2023 ya juu ilikuwa 35,000. Wateja wakacharuka mpaka mkurugenzi wao, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba walizidisha. British Airways wakapita njia hiyohiyo Aprili 2025: dhahabu yao inataka pointi 20,000, pauni moja pointi moja, na kodi za serikali zilizomo kwenye nauli hazihesabiwi. Binamu yangu yuko Reading, Uingereza, muuguzi, anakwenda Nairobi mara mbili kwa mwaka kuwaona wazazi. Huyo atastaafu hajaiona hiyo dhahabu.

Mtasema ni biashara. Sawa, basi tuiangalie kama biashara. Mwaka 2020, ndege zimelala chini kwa Uviko, United waliuweka rehani mpango wao wa maili wakakopa dola bilioni 6.8. Delta mwaka 2024 waliingiza kama bilioni 7.4 kutoka kampuni ya kadi za benki ya American Express pekee. Yaani maili zinauzwa kwa benki kwa jumla, benki inatugawia sisi kwa rejareja kila tukinunua mafuta au nyanya. Mwenye kununua nyanya nyingi anaingia launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani. Aliyekaa angani saa 20 na mtoto mapajani anakula sambusa yake kwenye benchi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kadi haina utamu kama asiye nayo hateseki. Southwest, kampuni nyingine ya ndege ya Marekani, walijisifu miaka mingi kwamba mabegi mawili ni bure kwa kila abiria. Tarehe 28 Mei 2025 wakaanza kutoza. Nani wakasamehewa? Wenye hadhi ya juu na wenye tiketi za bei kubwa, na mwenye kadi yao ya benki akaachiwa begi moja. Hapo hakuna kitu kipya walichoongezewa hao wateja. Begi ni lilelile la jana, ila jana lilikuwa la wote.

Ndiyo maana nasema hadhi zifutwe. Anayetaka kiti kipana au launji akinunue siku hiyohiyo kwa bei inayoonekana, na kila tiketi ya safari ndefu ije na kilo zake na kiti cha kukalika.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Shemeji yangu, ambaye ofisi humlipia tiketi, kaniandikia pembeni kwamba wao wa mbele ndio wanaotubebea nauli sisi wa nyuma. Kuna ukweli, na nauli za leo kweli ni nafuu kuliko enzi za baba, ndege ilipokuwa ya mawaziri na wanafunzi wa serikali. Lakini shemeji, nauli ya mbele mwajiri wako ameshailipa, na kiti kikubwa umeshakikalia. Kadi unayoitumia ukienda likizo na familia, hiyo nani kailipia?

Mnaonishauri nipande Ethiopian kwa sababu mabegi mawili yamo kwenye tiketi kutoka Marekani: nimepanda, na ushauri ni mzuri. Hata ile niliyopanda Desemba mabegi mawili yalikuwamo. Shida yangu ilikuwa zile kilo mbili.

Aliyeuliza kama yule jamaa wa mabegi matatu alifaidi: pale Amsterdam walipoita wenye kipaumbele wapande kwanza, karibu nusu ya ukumbi ilisimama. Foleni yao ilikata kona mpaka kwenye duka la jibini. Sisi wa kundi la mwisho tulikuwa kumi na kitu, tumekaa, tunawatazama.