Mrejesho: mafuta ya mchaichai yametoka!
Jamani nimerudi, mimi ndo yule wa Lamu niliyeuliza mbona nachemsha mchaichai sufuria wazi, harufu inajaa nyumba nzima halafu mafuta siyaoni. Mlisema yanaondoka na mvuke, kweli kabisa! Nimeziba mfuniko kwa unga uliokandwa, nikapitisha kibomba cha shaba kwenye ndoo ya maji baridi, basi yakaanza kudondoka maji na juu yake utando wa manjano, kilo 2 za majani kijiko cha chai tu lakini nilifurahi mno. Tone lake kwenye karatasi limekauka bila doa, la mafuta ya nazi limeacha doa. Karafuu mafuta yake yanazama, tazameni chini. Asumini ndo msichemshe, moto unaiharibu, shangazi anailoweka kwenye mafuta ya nazi na kubadilisha maua kila siku. Asanteni sana.