Halmashauri huku California imekula depoziti yangu ya maji, na sheria inairuhusu!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia nikiandika ovyo.

Mliopo Marekani mnaijua ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo, ingia saiti ya jimbo andika jina lako uone kama kuna hela zako zimelala. Sipingi, ni kweli na ni bure. California kwa mfano ukiingia claimit.ca.gov utaona, hela ya benki iliyolala miaka 3 au mshahara wa mwisho kazini ambao hukuchukua, kampuni inatakiwa kuupeleka kwa State Controller (mdhibiti wa fedha wa jimbo) na jimbo linakutunzia, hata ukirudi baada ya miaka 20 unadai unapewa. Sasa kitu ambacho hakuna anayekwambia ni kwamba hela zilizoko halmashauri za miji na kaunti ni habari nyingine kabisa. Nyingi haziendi jimboni, kwenye ile saiti huzioni, na zina tarehe ya kufa. Huko ndiko nilikopigwa.

Kuna mji nilikuwa naishi, sitautaja. Maji pale ni ya halmashauri na ukiwa mgeni huna historia ya mkopo unalipishwa depoziti, nikalipa dola 150. Nikahama kikazi, nikafunga akaunti, nikaacha anwani mpya kwa maandishi. Jamaa wakatuma cheki kule kule kwenye apatimenti niliyohama, ikarudi, wakaiweka. Namba yangu wanayo, imeli wanayo maana bili zote zilikuwa zinakuja kwa imeli, na siku ukichelewa kulipa wanakupata fasta sana tena wanakutishia kukukatia, ila wao wakiwa na hela yako ghafla hujulikani uliko.

Nikaenda kusoma sheria yenyewe, Government Code ya California kuanzia kifungu cha 50050, aisee nilichoka. Hela isiyo ya halmashauri ikikaa kwao miaka 3 bila kudaiwa, wanatoa tangazo gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, halafu siku 45 mpaka 60 toka tangazo la kwanza inakuwa mali yao. Na tangazo linatakiwa kutaja kiasi, mfuko ilipo hiyo hela na tarehe ya kuchukuliwa, jina lako wala si lazima!! Sasa mtu upo Texas unabeba boksi usiku kucha utajuaje kuna kagazeti ka mji fulani kameandika kuna dola kadhaa kwenye mfuko wa maji? Tena zikiwa chini ya dola 15 ni mwaka 1 tu, hata tangazo hawatoi, madiwani wanapitisha zinaingia mfuko mkuu wa halmashauri, imeisha hiyo.

Mimi niliikuta kwa bahati, nilikuwa natafuta risiti ya zamani kwenye saiti yao, ukurasa wa idara ya fedha kule chini kabisa kuna pdf imeskaniwa imekaa upande, hata ukitafuta jina haikubali, unasoma kwa macho mstari kwa mstari. Nikaliona jina langu limeandikwa kwa Nw badala ya Mw, jina la baba limekaa kwenye la ukoo, ila anwani ni ile ile na 150 yangu ile pale.

Nikapiga simu, dada akaniambia jaza fomu, gongesha mhuri kwa notari (mtu wa kuthibitisha sahihi), leta na uthibitisho kwamba ulikuwa unaishi pale. Nikamuuliza dada yangu, si nyie ndio mlikuwa mnaniletea bili ya maji pale pale? Akasema mfumo wa zamani hawawezi kuuingia. Haya. Notari nikamlipa dola 15 kwa sahihi moja, nikachimbua mkataba wa nyumba, nikatuma vyote. Jibu likaja mistari miwili: tarehe ya mwisho ilishapita kabla sijapiga simu, hela imeshahamishiwa mfuko mkuu. Yaani walijua siku ile ile niliyopiga, fomu wakanipa, mhuri nikagonga, ndio wananiambia! Bongo tungefanyiwa hivi tungesema ni Bongo tu.

Na msidhani ni vijidola vya maji tu. Mlioko Minnesota mnaikumbuka kesi ya bibi Geraldine Tyler na kaunti ya Hennepin, bibi wa miaka 94, alikuwa anadaiwa kama dola 15,000 za kodi ya jengo pamoja na faini, kaunti ikauza nyumba yake 40,000 na chenji ya 25,000 ikabaki nayo. Mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2023, majaji wote 9 wakasema hapana. Kurudishiwa chenji yako tu mpaka ufike Washington!

Kwa hiyo aliyewahi kuhama mji asiishie saiti ya jimbo wala missingmoney.com, ile ya kutafuta hela zilizolala kwenye majimbo mengi kwa pamoja. Ingia saiti ya kila mji na kila kaunti uliyokaa, idara ya fedha, uliza depoziti ya maji, dhamana ya mahakamani, faini uliyolipa mara mbili. Tafuta na majina yaliyokosewa, sisi wa Mw na Ng' tunaharibiwa kila siku. Na ukipata barua ya jamaa anasema kaona hela zako anataka asilimia, usisaini kwanza, hela zilizoko kwa Controller wa California sheria inamzuia kuzidisha asilimia 10 na wewe unaweza kuzidai mwenyewe bure.

Mimi nimeandika barua kwa diwani wa eneo lile, kimya mpaka leo. Mwenye uzoefu wa kuzikomboa zikishaingia mfuko mkuu, au mwanasheria aliyeko California, njoo hapa tuongee. Na wale wa "dola 150 tu unalia", nitumieni nyie basi, Zelle ya kutumiana hela ipo.