Praat: paa la nyumba na paa mnyama wametoka sawasawa!

Kijana wa Kibokoni
Wakuu, nimekwama. Nafanya uzamili kuhusu mpumuo (pumzi inayotoka baada ya konsonanti kama p na k) katika Kimvita, lahaja ya Mombasa. Watu wa bara mtasema "paa" ni "paa" tu, lakini bibi yangu akitaja paa la nyumba midomo inaachana kavu. Akitaja paa yule mnyama, pumzi inamtoka hadi mshumaa uzimike. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani.

Nimerekodi wazee watatu kwa simu, sebuleni kwa bibi. Balaa ni feni. Joto la Februari Mombasa, nani atawaambia wazee wazime? Nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaionjesha sekunde mbili za feni peke yake, nikaiamuru ipunguze kelele kwa desibeli 24. Sauti ikatoka safi, nikafurahi kweli. Sasa naingia Praat, programu ya kuchanganua matamshi, kupima muda tangu midomo iachane hadi nyuzi sauti zianze kutetema, na paa wote wawili wananipa milisekunde 20 hivi! Kwenye spektrogramu (picha ya nguvu ya sauti katika kila masafa), baada ya mlipuko wa p ni weupe mtupu. Nimekosea mipangilio?

Mpima Mawimbi
Praat haina kosa, ndugu yangu. Data umeifuta mwenyewe.

Hebu fikiri: mpumuo ni nini? Hewa inayovuma, imetawanyika kwenye masafa mengi, haina mdundo. Na feni je? Zana ile haijui Kimvita. Katika kila masafa, kisichouzidi mvumo ulioionjesha inakiteremsha. Irabu zina nguvu, zikapona. Pumzi ya bibi ni dhaifu, ikafagiliwa pamoja na feni.

Rudi kwenye rekodi ghafi. Unapima muda, hutengenezi kipindi cha redio. Feni ivume tu. Kwenye spektrogramu ya Praat, kikomo cha juu kitoe hertzi 5000 ukipeleke 8000, mpumuo utauona vizuri zaidi. Dirisha la sekunde 0.005 liache lilivyo.

Kijana wa Kibokoni
Rekodi ghafi ndiyo niliyohifadhi juu yake. Jina lilelile, folda ileile. Msinicheke.

Fundi wa Waya
Tumecheka kidogo. Lakini simu nyingi hurekodi faili za m4a, na wewe bila shaka ulihifadhi wav, aina nyingine ya faili. Kwa hiyo faili za mwanzo huenda bado zimo kwenye simu. Zihamishe kwa waya. Kisha zigeuze ziwe wav kwa ffmpeg, programu ya kugeuza faili za sauti:

`ffmpeg -i bibi.m4a -ac 1 bibi.wav`

Siku nyingine tumia programu inayorekodi wav moja kwa moja, maana m4a nayo imeshabanwa. Simu ikae shubiri moja na mdomo, lakini pembeni kidogo. Ukiiweka mbele kabisa, pumzi itaipiga maikrofoni na utapata mshindo badala ya mpumuo.

Kijana wa Kibokoni
Zimo! Ya bibi nimeshaifungua: paa mnyama ana wingu la kijivu baada ya mlipuko, milisekunde 70. Paa la nyumba, 18. Nilikaribia kulia.

Ya mzee mmoja tu ndiyo sikuipata, niliifuta simu ilipojaa. Nimempigia, narudi kwake Jumamosi. Kasema niende na maswali yote niliyo nayo, ila feni haizimwi.