Ushauri: mradi wa ubunifu, darasa zima limeniletea magari ya kadibodi

Chaki_Nyeupe: Habari za jioni wanajamvi. Gredi ya 8, wanafunzi 48. Niliwaambia watengeneze chochote kwa vitu vilivyotupwa nyumbani. Magari 31, na mengine yamenyooka hadi mkono wa baba unaonekana wazi. Nifanyeje? Bajeti hakuna.

Mkunjo: "Chochote" ndiyo iliyokuponza, mwalimu. Mtoto akiachiwa uwanja wote anarudia alichokiona jana. Mbane. Vikundi vya wanne. Kila raundi karatasi moja ya A4 na selotepu sentimita 10. Sogeza madawati mawili, acha pengo la sentimita 20. Daraja libebe kikombe cha plastiki, mnaongeza mchanga kijiko kimoja kimoja hadi liporomoke. Dakika 10 wachore njia tatu, 15 wajenge, mpime. Kisha raundi ya pili. Mfano usionyeshe, hata ubaoni, la sivyo utapata madaraja 12 mapacha.

Karatasi bapa huzama mapema. Ikikunjwa kama feni kwa urefu wake, kila mkunjo sentimita 1.5, hukaza kwa kuwa imepata kimo. Uzito ukizidi, mikunjo hutanuka pembeni na daraja hulala. Dawa ni kuifunga mikunjo kwa chini, ila wengi watakuwa wameshamaliza selotepu kwenye dawati. Wewe nyamaza tu.

Mama_Pacha: Na alama je? Mchanga kwenye kikombe utampeleka Gredi ya 10?

Kalamu_Nyekundu: Dada, kwenda Gredi ya 10, KJSEA (mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9) ni asilimia 60, KPSEA (ule wa Gredi ya 6) 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ndizo 20 zilizobaki. Kazi za tathmini hutoka KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, lakini mtoto asiyezoea kujaribu na kuandika kilichoharibika atazitafutia fundi. Mwalimu, mradi wako upe alama 20: michoro mitatu 6, rekodi ya vijiko 6, sababu ya kuanguka na alichobadilisha 6, uzito 2. Urembo sifuri. Na wahifadhi picha za yaliyoporomoka. Kwenye usaili wa usanifu majengo au michoro huulizwa kwa nini uliacha wazo la kwanza, na faili lenye kazi nadhifu pekee halina jibu.

Chaki_Nyeupe: Vikundi 12, karatasi 24, selotepu mita 2.4. Hiyo naimudu.

Mkunjo: Ikate mwenyewe kabla ya kipindi, ubandike vipande ukingoni mwa meza. Ukiwaachia roli, hesabu yako imekwisha.