Naomba ushauri: kuunganisha maktaba za kumbukumbu ya kudumu na Redis
Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Mtwara. Ninatunza mfumo wa Redis (hifadhidata inayoweka data kwenye RAM) unaopokea vipimo vya korosho ghalani, na kila umeme unapokatika ghafla tunapoteza rekodi za sekunde ya mwisho, kwa kuwa faili la AOF, yaani kumbukumbu ya kila amri inayobadilisha data, tumelipanga liandikwe diskini kila sekunde moja. Kwa mkulima, gunia moja lisiloonekana kwenye hesabu si jambo dogo.

Nimepata seva iliyotumika yenye moduli za Intel Optane, yaani kumbukumbu ya kudumu inayoweza kuhifadhi data hata umeme ukikatika, nikajaribu maktaba ya programu iitwayo memkind. Redis ilifanya kazi vizuri, lakini nilipoizima na kuiwasha tena data yote ilikuwa imetoweka, ndipo nikaelewa kwamba memkind huitumia kumbukumbu hiyo kama RAM ya kawaida. Maktaba ya libpmemobj ina miamala (mabadiliko yanayokamilika yote au yasifanyike kabisa) inayohimili kukatika kwa umeme, ila vielekezi vyake (pointers, anwani za data kwenye kumbukumbu) ni vya baiti 16 badala ya 8, hivyo itanilazimu kugusa karibu kila muundo wa data ndani ya Redis, kazi ambayo kwa kweli naiogopa.

Je, nibadilishe msimbo huo, au inatosha kuliweka faili la AOF kwenye moduli hizo na kuandika kila amri papo hapo? Na kwa kuwa Intel ilitangaza mwaka 2022 kuachana na Optane, ni busara kuendelea kuitegemea?