Naomba ushauri: isopodi wangu wa Thailand wanakufa mmoja mmoja

Wakuu, habari zenu. Nipo Minneapolis, Marekani, nafuga isopodi, yaani vijidudu vidogo vyenye gamba na miguu mingi vinavyoishi chini ya majani na magogo, jamii ya Cubaris, wale "Rubber Ducky" wenye uso wa njano kama bata wa kuchezea. Asili yao ni kwenye mawe ya chokaa huko Thailand. Nilianza na kumi mwezi wa tisa. Leo nimehesabu sita, na roho inaniuma, maana mmoja wa waliokufa alikuwa jike mwenye mayai kwenye mfuko wa tumboni.

Wanakaa kwenye boksi la plastiki la lita 6, lenye udongo, majani makavu ya mwaloni, vipande vya mti uliooza, jiwe la chokaa na maganda ya mayai yaliyosagwa. Upande mmoja naulowanisha, mwingine nauacha mkavu kiasi. Joto ni nyuzi 24.

Mimi nashuku hita ya nyumba. Tangu baridi ianze hewa imekauka vibaya, na viumbe hawa ni jamaa wa kaa, wanapumua kwa matamvua yanayotaka unyevu muda wote. Wawili nimewakuta wamekufa katikati ya kujivua gamba: nusu ya nyuma imetoka, ya mbele bado.

Je, nizibe baadhi ya matundu ya hewa? Naogopa ukungu, ingawa nimeweka vile vidudu vyeupe vinavyoruka, vinavyoula. Halafu kila Jumapili huwa napekua udongo kuwahesabu. Inawezekana ndiyo nawasumbua wasizae?

Aliyewahi kuvuka nao msimu wa baridi, tafadhali anielekeze.